Siki nimepuliza, ukungu umerudi: je, kuna dawa ya asili inayoumaliza?

Swali: Habari mtaalamu. Nimepanga nyumba ya vyumba vitatu huku Uyole, Mbeya. Chumba cha nyuma wanacholala watoto kina ukungu mweusi kwenye pembe za ukuta, juu karibu na dari, na nyuma ya kabati. Nguo zinatoa uvundo hata kama nimezifua juzi. Nilichanganya siki na soda ya kuokea kama nilivyoona mtandaoni, nikapuliza, nikasugua, ukuta ukawa safi. Wiki tatu baadaye madoa yakarudi palepale. Jiki sitaki kuitumia kwa sababu mdogo wao kifua kinambana. Mwenye nyumba anasema hiyo ni baridi ya Mbeya tu, nizoee. Ipo dawa ya asili ya kuumaliza kabisa? Au nihame?

Jibu: Pole dada, na pole zaidi kwa mtoto. Dawa za asili zipo, na moja wapo naipenda kuliko hata hizo za kopo. Ila huo mchanganyiko wako haukuwa dawa. Siki ni asidi, soda ya kuokea ni kinyume chake. Ukizikutanisha zinachemka povu, unaona kazi inafanyika, kumbe zinauana zenyewe. Kinachobaki kwenye chupa ni maji yenye chumvichumvi hafifu ambayo ukungu hauna habari nayo. Ukuta wako ulitakata kwa nguvu ya mkono na kitambaa.

Hata hivyo, ungepuliza siki tupu bado madoa yangerudi. Mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali, ndani na nje, hakuna nyumba isiyo nazo. Chakula chake kipo pia: vumbi, rangi, mbao, karatasi iliyofunika jipsamu ya dari. Kinachosubiriwa ni maji. Na si lazima yawe maji ya kumwagika; ukuta ukiwa na unyevu tu kwa siku kadhaa mfululizo, inatosha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza upulize nini, tutafute kwanza maji ya chumba hicho yanatoka wapi.

Mwenye nyumba amesema nusu ya ukweli. Baridi haioteshi ukungu, lakini baridi hutoa maji kwenye hewa. Hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo; ikipoa hadi nyuzi 10 inaweza kubeba kama gramu 9 tu. Sasa fikiria usiku wa Juni au Julai hapo Uyole. Watoto wamelala, mlango umefungwa, na matundu ya hewa juu ya dirisha pengine mmeyaziba kwa matambara ili upepo usiingie (nyumba nyingi nilizoingia huku zimezibwa hivyo). Pumzi zao zinajaza mvuke chumbani. Mvuke huo ukigusa ukuta wa nje uliopoa, unageuka maji. Sehemu zinazopoa zaidi ni pembe, ukanda wa juu karibu na dari na ukuta uliofichwa na kabati, mahali ambapo hewa ya chumbani haizunguki. Ni ramani ileile uliyoniandikia.

Mvuke hautoki kwenye pumzi peke yake. Nguo zinazoanikwa ndani wakati wa mvua zinaacha maji yake yote humohumo. Chungu cha maharage kinachochemka saa mbili kinafanya vivyo hivyo. Gesi ndiyo watu hawaidhanii: kila kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa njia ya mvuke. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga zaidi ya lita 9 za maji hewani. Simaanishi urudi kwenye kuni. Namaanisha dirisha la jikoni liwe wazi wakati wa kupika, na mlango wa kwenda vyumbani ufungwe.

Lakini pia inawezekana maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na hapo habari ni nyingine kabisa. Kipime hivi. Chukua kipande cha nailoni safi, ukubwa wa karatasi ya daftari, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipenye. Bandika kimoja kwenye pembe ya juu, kingine chini karibu na sakafu, kwa ukuta uleule wa nyuma. Acha siku mbili. Ukikuta matone upande wa juu wa nailoni, yaani upande wa chumbani, maji ni ya hewani, ya mvuke. Ukikuta unyevu chini ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta umelowa.

Ukuta wa nyuma kulowa ni jambo la kawaida sana kwenye miji yetu ya milimani. Fundi anachonga mteremko, anaweka nyumba, udongo wa nyuma unabaki umeegemea ukuta au uko juu kuliko sakafu ya ndani. Mvua ikianza Novemba, maji ya mlimani yanasukuma hadi Aprili au Mei. Ukienda Tukuyu, ambako mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, utakuta kuta ambazo hazikauki mwaka mzima. Matofali ya kuchoma nayo hunyonya maji kutoka kwenye msingi kama utambi, hasa pale fundi aliporuka kuweka tabaka la nailoni nzito juu ya msingi ili kubana gharama. Unyevu wa aina hii unaonekana zaidi chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, rangi inavimba na kumenyuka. Mara nyingi unatoa unga mweupe unaometameta. Huo unga si ukungu, ni chumvi za udongo na matofali. Ulowanishe na maji: chumvi itayeyuka, ukungu hautayeyuka. Usiupulizie siki wala chochote, upanguse kwa brashi kavu na ushughulike na maji ya nje.

Kwa maelezo yako (juu, pembeni, nyuma ya kabati) nadhani kwa sehemu kubwa ni mvuke. Fanya jaribio la nailoni hata hivyo. Na siku mvua inanyesha toka nje uangalie gata kama limeziba au limeachia, na kama bati linavuja pale ukuta unapokutana na dari.

Sasa tuje kwenye dawa.

Hatua ya kwanza ni sabuni, na wengi huiruka kwa sababu haina sifa. Ukungu hata ukiwa umekufa bado unawasha pua na kifua, kwa hiyo kuuua bila kuuondoa ukutani hakumsaidii mtoto wako. Siku ya kazi watoto wakae nje au kwa jirani. Fungua dirisha, funga mlango wa ndani, vaa barakoa na glovu. Usisugue ukuta mkavu kamwe: utarusha mbegu chumba kizima na kesho zitaota kwenye ukuta mwingine. Lowanisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ndipo upanguse, ukibadilisha maji mara kwa mara. Vitambaa ulivyotumia vitupe au vichemshe.

Kama eneo lenye madoa halizidi mita moja ya mraba hivi, kazi hiyo unaiweza mwenyewe. Likiwa limeenea ukuta mzima au limeshika dari yote, tafuta mtu mwenye kifua kizima na vifaa, usiingie wewe mwenye mtoto wa kunyonyesha au mwenye pumu.

Baada ya sabuni, ukuta wenye rangi ya kawaida unaweza kuupuliza siki. Tumia siki nyeupe ya dukani, hiyo yenye asidi ya asilimia 5, bila kuizimua na maji. Iache saa moja, panguse kwa maji safi, kisha ukuta ukauke kabisa kwa dirisha wazi. Siki inaua aina nyingi za ukungu, si zote, na haing'arishi madoa. Kivuli cheusi kikibaki baada ya kusafisha, si lazima kiwe bado hai. Harufu yake inaisha kwa saa chache na kwa mtoto mwenye kifua ni nafuu kuliko klorini, ingawa naye asiwepo unapopuliza.

Siki ina mahali pa kukatazwa. Usiiweke kwenye ukuta wa chokaa, sakafu ya terazo, marumaru wala plasta ya saruji iliyo wazi, kwa sababu asidi hula chokaa. Na usiichanganye kamwe na jiki, wala kupuliza moja juu ya nyingine ambayo haijasuuzwa. Inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Watu husema "nimeongeza nguvu", kumbe wametengeneza sumu kwenye chumba kidogo kilichofungwa. Tahadhari hiyohiyo ni kwa dawa za chooni zenye asidi.

Soda ya kuokea itumie peke yake: vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji, kwa kufuta makabati, fremu za dirisha na ndani ya friji. Nguvu yake kubwa ni kwenye harufu. Magadi ya sokoni ni makali zaidi, yanaondoa uchafu vizuri kwenye sakafu, ila yanachubua mikono na kufifisha mbao, kwa hiyo glovu na suuza.

Ndimu na limao siwapendekezei ukutani, japo najua zinasifiwa. Zina asidi, ni kweli, lakini juisi ya tunda inaacha sukari na nyuzinyuzi, na hicho ni chakula kipya. Majani ya mkaratusi nayo, ambayo huku kwetu yamejaa kuanzia Mufindi hadi Mbeya Vijijini: ukiyachemsha chumbani utapata harufu nzuri na mvuke mwingi, na mvuke ndio tunaoukimbia. Bakuli la chumvi au ndoo ya mkaa kwenye kona haina madhara. Chumvi huanza kunyonya maji hewani pale unyevu unapopita asilimia 75, na itakusanya vijiko kadhaa tu, wakati familia yako inatoa lita kadhaa kwa siku. Ndani ya kabati lililofungwa mkaa unasaidia kidogo harufu. Kwenye chumba kizima ni kujifariji.

Dawa ninayoipenda ni chokaa. Wazee walikuwa wanapaka zahanati, shule na vyoo kwa chokaa kila mwaka na hawakukosea. Chokaa iliyozimwa ikichanganywa na maji ina ukali wa kialkali, pH zaidi ya 12, ambao ukungu hauwezi kuishi juu yake. Zaidi ya hapo, haizibi ukuta: unyevu ulioko ndani unapata njia ya kutoka. Rangi ya mafuta inafanya kinyume, inafungia maji ndani ya ukuta hadi yatokee kwa kuvimba na kumenyuka. Mtu anayekuambia upake rangi ya mafuta juu ya ukungu ili "uufunike" anakuuzia ukarabati wa mwaka ujao.

Chokaa ina masharti yake. Nunua iliyokwisha kuzimwa. Ile mbichi ikikutana na maji inachemka na kuunguza, na si kazi ya kufanyia nyumbani penye watoto. Haishiki juu ya rangi ya mafuta wala rangi ya plastiki, kwa hiyo rangi ya zamani lazima ikwanguliwe hadi ufike kwenye plasta. Hapo ndipo unapohitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Loweka unga wa chokaa kwenye maji usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, uongeze maji hadi uwe mwepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta, paka tabaka jembamba, subiri siku, rudia mara mbili tena. Ukipaka nzito mara moja itabanduka. Vaa miwani na glovu, maana tone moja jichoni ni safari ya hospitali. Likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwanza, hospitali baadaye. Na usitie chumvi kwenye chokaa ya ndani ya nyumba kama mafundi wengine wanavyofanya, kwani chumvi inavuta unyevu. Ukali wa chokaa hupungua kadiri inavyozeeka kwa hewa, ndiyo maana hurudiwa. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ni mwezi mzuri.

Dari ni suala jingine. Kama ni jipsamu na imelowa hadi imelainika au kubonyea, hakuna siki itakayoiokoa. Kipande hicho kikatwe, bati lizibwe, kiwekwe kipya.

Mabadiliko ambayo hayana gharama nayaona kuwa muhimu kuliko chupa zote hizo. Toa matambara kwenye matundu ya hewa. Kama upepo ni mkali, weka chandarua cha dirisha, si tambara. Sogeza kabati litoke ukutani kiganja kizima, na kama inawezekana lihamie ukuta wa ndani unaopakana na chumba kingine, ambao haupoi sana. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, nusu saa hata siku ya manyunyu. Watu hushangaa nikisema hivyo: nje kumejaa ukungu wa mlimani, nifungue ili uingie? Hewa ya nje ni ya baridi, na hewa ya baridi imebeba maji machache kuliko ile ya chumbani iliyolaliwa usiku kucha. Ikiingia na kupata joto, inakuwa kavu zaidi. Unachopaswa kuepuka ni kuacha wazi kuanzia jioni, kuta zikapoa usiku mzima. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo kila nyumba mpya inayataka, hufunguka nusu tu na yakifungwa hayapitishi hata uzi, kwa hiyo mwenye nayo afungue kwa muda mrefu zaidi ya mwenye mbao.

Hapa lazima nitoe onyo. Usije ukasema utakausha chumba kwa kuingiza jiko la mkaa usiku. Kila msimu wa baridi, Makete, Njombe na huku Mbeya, watu wanalala na jiko na hawaamki. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala moshi, na chumba kilichofungwa kinaijaza haraka. Hakuna ukungu unaostahili hatari hiyo.

Nguo: zile zenye uvundo zioshe upya, kwenye maji ya mwisho weka nusu kikombe cha siki kwa ndoo, anika juani hadi pindo na mifuko vikauke kabisa, maana shida huanzia kwenye pindo zilizorudishwa kabatini na ubichi. Viatu vya ngozi vifute kwa siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu, vikauke kivulini, ndipo upake dawa ya viatu. Kabati lenyewe litolewe nje siku ya jua, milango wazi. Godoro lililowekwa sakafuni liinuliwe kwenye kitanda au chaga. Kama madoa yameingia ndani ya sponji, kulisafisha ni kupoteza muda. Na kama katika chumba hicho mmehifadhi magunia ya mahindi au maharage, kama nyumba nyingi za huku zinavyofanya baada ya mavuno, yaondoe leo. Mahindi yasiyokauka vizuri yanatoa unyevu wake chumbani, na chumba chenye ukungu kinayaharibu mahindi. Punje zilizoota kuvu usizisafishe kwa siki wala kuziosha: sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Kuhusu mtoto, ukungu unaweza kuchochea pumu na mafua yasiyoisha, na akilala mahali pakavu kwa wiki kadhaa utaona tofauti. Lakini usiusingizie ukungu kila kitu. Kikohozi kikifika wiki mbili, au akipumua kwa kubana mbavu, mpeleke kituo cha afya akapimwe, ikiwemo kifua kikuu. Na umwambie daktari kwamba analala kwenye chumba chenye ukungu, maana asipoambiwa hatauliza.

Nihame? Itategemea nailoni. Ikionyesha maji ya hewani, usihame, sehemu kubwa iko mikononi mwako, na nyumba utakayohamia Uyole au Forest itakuwa na usiku uleule wa Julai. Ikionyesha ukuta umelowa, piga picha za nailoni, za gata na za udongo uliopanda ukutani, kisha mwite mwenye nyumba ajionee. Mwombe kazi mahususi, siyo "uondoe ukungu": udongo wa nyuma uchimbwe hadi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15, uchongwe mfereji wa kupeleka maji pembeni, gata lirekebishwe. Vibarua wawili na majembe wanaimaliza kazi hiyo, na inalinda ukuta wake, kwa hiyo mweleze kwa faida yake. Wenye nyumba wengi wanakubali wakiambiwa msingi utaoza, wachache wanakubali wakiambiwa mtoto anakohoa. Sisemi ni haki, nasema ndivyo nilivyowaona.

Wakati mnajadiliana, usimsubiri. Hamishia watoto usiku huuhuu kwenye chumba kinachopigwa na jua la asubuhi, hata kama ni sebule, na chumba cha nyuma kibaki wazi, kikavu, bila kitanda.